Napoli kwa treni na mama mwenye magoti yanayouma: je, euro 600 zitatosha?

"Ninaishi München na nina kibali cha ukaazi cha Ujerumani. Mama yangu, mwenye miaka 67, amenitembelea kutoka Mombasa kwa viza ya Schengen aliyopewa na ubalozi wa Ujerumani Nairobi. Mwanzoni mwa Oktoba tutakuwa Roma kwenye harusi ya binamu, na baada ya hapo tuna usiku tatu ambazo ningependa tuzimalizie Napoli. Nina euro 600 za watu wawili, malazi yakiwa humo humo. Nimeangalia treni ya mwendokasi nikakuta euro 54 kwa kila mtu, kwenda tu. Wapo wanaonishauri ninunue pasi ya treni, na wapo wanaosema tulale Roma tuwe tunaenda Napoli na kurudi kwa sababu ni mji wa wezi. Mama magoti yanamsumbua, hawezi ngazi nyingi, na hatuli nyama isiyo halali. Pesa zitatosha, au nimpeleke kwingine?"

Dada yangu, pesa zinatosha, na usimpeleke kwingine. Napoli ina bahari, soko, kelele za watu na chakula cha bei nafuu barabarani, na mtu aliyekulia Mombasa hatajiona mgeni sana pale. Ila panga safari kwa kanuni hii: bana matumizi mahali ambapo kubana hakumwongezei mama ngazi, na toa pesa bila kusita pale ambapo euro kumi zinamwondolea ngazi sitini. Naona wasiwasi wako ni wa mambo matatu, yaani nauli, usalama na magoti. Nauli ndiyo iliyokushtua, lakini ndiyo nyepesi kuliko yote.

Hiyo euro 54 si bei ya safari ya Roma hadi Napoli. Ni bei ya kiti kimoja, kwenye treni moja, saa uliyotazama. Treni za mwendokasi, Frecciarossa za Trenitalia na zile za kampuni ya Italo, huuzwa kama ndege: kila treni ina mafungu ya viti, fungu la bei ya chini likiisha linafunguliwa la juu yake, na siku ya safari hubaki bei kamili. Ukinunua wiki kadhaa kabla, safari ya katikati ya wiki saa za mchana, kiti hicho hicho unaweza kukipata kwa euro 20 au pungufu. Hasara yake ni kwamba tiketi ya fungu la chini kabisa hairudishiwi pesa, na mara nyingi haibadilishwi. Harusi ikipitiliza ukachelewa treni, imekula kwako.

Treni za mkoa, zinazoitwa Regionale, zina utaratibu mwingine kabisa. Nauli yake inapangwa kwa umbali na haipandi hata ukinunua dakika tano kabla ya kuondoka. Roma hadi Napoli ni kama euro 13 au 14. Hakuna namba ya kiti. Anayewahi ndiye anayekaa. Safari ni saa mbili na nusu hadi karibu tatu, wakati ya mwendokasi ni saa moja na dakika kumi hivi. Katikati yake ipo Intercity, ambayo watu wengi huisahau: saa mbili kasorobo hadi mbili na kidogo, kiti chako kina namba, na ukiwahi kununua unaipata kwa bei inayokaribiana na ya Regionale, ukichelewa inafika kama euro 27.

Kwa mtu mwenye magoti mabovu, usiangalie bei na saa tu. Angalia mlango. Mabehewa mengi ya Intercity ni ya mtindo wa zamani: mlango mwembamba na vidato vitatu vya mwinuko mkali kutoka jukwaani, huku umeshika begi. Regionale za ghorofa mbili zina mlango mpana ulio karibu usawa wa jukwaa, na viti vya chini vipo hatua chache tu kutoka hapo. Frecciarossa na Italo zina nafuu kuliko Intercity. Kwa hiyo kwenu ninyi ningefuata mpangilio huu: tafuta kwanza mwendokasi ya bei ya chini, isiyozidi euro 20 au 22 kwa mtu. Ukiikosa, panda Regionale ya asubuhi kutoka Roma Termini, mahali inapoanzia safari, mkiwa mmefika dakika 30 kabla ili mama apate kiti cha chini karibu na mlango. Intercity iwe chaguo la tatu. Treni za mkoa zinazopita Formia ni nzuri kuliko zinazopita Cassino, zina kasi kidogo na bahari inaonekana mkikaribia Formia.

Kuhusu pasi ya treni, achana nayo. Pasi kama Interrail inamlipa mtu anayevuka nchi tatu au nne kwa safari ndefu. Ninyi mna safari mbili za kilomita mia mbili na kitu. Isitoshe, kwenye treni za mwendokasi za Italia mwenye pasi bado hulipia nafasi ya kiti kando, zaidi ya euro 10 kila safari. Hapo peke yake umeshakaribia bei ya Regionale nzima.

Na kulala Roma mkaenda na kurudi kila siku hakuokoi kitu. Piga hesabu: hata kwa Regionale ni euro 54 kwa siku kwa watu wawili, na saa tano na zaidi za kukaa kwenye treni. Chumba cha Napoli kwa kawaida ni cha bei ndogo kuliko cha Roma. Mtatumia pesa nyingi zaidi ili mama achoke zaidi.

Sasa tiketi yenyewe, maana hapa ndipo wageni hutozwa faini bila kujua kosa lao. Tiketi ya karatasi ya Regionale lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kidogo kilichopo ukutani au kwenye nguzo kabla ya jukwaa, KABLA ya kupanda. Ukishaigonga ina saa nne za kutumika. Bila muhuri, mkaguzi anaihesabu kuwa tiketi ambayo ungeweza kuitumia tena kesho, ndiyo maana anakutoza hata ukimwonyesha risiti. Tiketi ya simu haigongwi, lakini ya Regionale inadai ufanye "check-in": unafungua kiungo ulichotumiwa, unabonyeza, basi, kabla ya kupanda. Ya Intercity na mwendokasi haina haja ya lolote kati ya hayo kwa sababu tayari ina treni, siku na kiti.

Madaraka Express imemzoesha mama kufika kituoni mapema na kukaguliwa mizigo. Italia hakuna ukaguzi wa namna hiyo. Termini kuna vizuizi vya kuonyesha tiketi kabla ya kuingia majukwaani, na jukwaa lenyewe, wanaloliita binario, hutangazwa kwenye ubao robo saa hivi kabla, wakati mwingine chini ya hapo. Tazama NAMBA ya treni, usitazame jina la mji. Treni nyingi za mwendokasi zinazopita Napoli zimeandikwa Salerno au Reggio Calabria kwa sababu ndiko zinakoishia. Milango hufungwa dakika moja au mbili kabla ya saa iliyoandikwa. Neno ritardo likiwa na namba mbele yake ni dakika za kuchelewa. Cancellato ni kwamba treni haipo.

Kuna mtego mmoja wakati wa kununua tiketi ambao unaweza kuwaharibia siku nzima. Kituo chenu kinaitwa Napoli Centrale. Kipo kingine, Napoli Afragola, kilichofunguliwa 2017, jengo maridadi lililobuniwa na Zaha Hadid, lakini kipo nje ya mji katikati ya mashamba na barabara kuu, na usafiri wa kutoka pale hadi mjini ni haba. Programu za tiketi hukuonyesha vituo vyote viwili, na mara nyingine Afragola ina bei ya chini kwa euro tatu au nne. Teksi ya kukutoa huko itakula hizo zote na nyingine nyingi juu yake.

Kabla hujafunga suala la treni, omba msaada wa Sala Blu. Hii ni huduma ya bure ya reli ya Italia kwa watu wenye shida ya kutembea, na wazee wamo. Huhitaji cheti cha ulemavu ili kuiomba. Mfanyakazi anakutana nanyi Termini mahali mlipokubaliana, anamsukuma mama kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye behewa, na panapohitajika wanamwinua kwa kijukwaa cha umeme. Napoli Centrale mwingine anawapokea. Inaombwa mapema, kwa simu au mtandaoni, ukiwa na namba ya treni. Usiende kuiomba dakika kumi kabla. Termini ni kubwa, baadhi ya majukwaa yako mbali kwelikweli, na mama akishamaliza nguvu pale hatafaidi siku iliyobaki.

Mkifika Napoli Centrale, mjini mko. Mbele ni Piazza Garibaldi. Chini yake kuna vituo vitatu vya reli vilivyounganishwa: metro Linea 1, inayopita Università, Municipio, Toledo, Dante, Museo na kupanda hadi Vomero, mtaa wa kilimani; Linea 2, inayokwenda Cavour, Montesanto, Mergellina hadi Pozzuoli; na Circumvesuviana, treni ya Ercolano, Pompei na Sorrento. Tiketi ya safari moja mjini haizidi euro 2. Linea 1 iko chini sana ardhini, Toledo ni kama mita 50. Eskaleta ni ndefu na lifti zipo, ila lifti za kule huharibika. Fanya hivi: mkishuka kwenye treni, usikimbilie eskaleta na umati, subiri jukwaa litulie kisha tafuta alama ya ascensore, yaani lifti.

Siku ya kufika, mkiwa na mabegi, panda teksi tu. Hii ndiyo ile euro kumi na kitu niliyosema uitoe bila kusita. Napoli ina nauli maalumu zisizobadilika kwa njia nyingi za wageni, mfano kutoka kituoni hadi eneo la bandari au katikati ya mji, lakini dereva hana wajibu wa kukupa kama hukuiomba kabla gari halijaondoka. Sema "tariffa predeterminata" ukiwa bado mlangoni. Orodha yake inapaswa kuwemo ndani ya gari. Chukua teksi nyeupe iliyo kwenye foleni rasmi, si ya kijana anayewafuata ndani ya kituo akisema "taxi, taxi".

Malazi ndiyo sehemu inayohitaji umakini kuliko zote. Vyumba vya bei ya chini kabisa viko nyuma na pembeni ya kituo, mtaa wa Vasto. Kijana anayesafiri peke yake atalala bila neno, lakini usiku si mahali pa kumtembeza mama. Tafuta kati ya Corso Umberto I, Piazza Bovio na Municipio, karibu na kituo cha Linea 1. Oktoba chumba safi cha watu wawili chenye kifungua kinywa hupatikana kwa euro 70 hadi 90 ukiwahi. Kabla ya kulipa, mwandikie mwenye nyumba maswali haya: chumba kiko ghorofa ya ngapi, lifti inafanya kazi leo, na je, inaanzia usawa wa barabara? Majengo ya kale ya Napoli yana ghorofa zenye dari refu, hivyo "ghorofa ya tatu" ni ngazi nyingi kuliko unavyodhani, na lifti nyingi ziliongezwa baadaye uani, juu ya ngazi nane au kumi za kuingilia. Zipo pia lifti zenye kisanduku cha sarafu: usipotumbukiza senti kumi au ishirini, haiendi. Weka sarafu ndogo mfukoni mwa mama.

Uliza vilevile namba ya usajili inayoitwa CIN. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya kupangisha wageni Italia inatakiwa kuwa nayo na kuionyesha kwenye tangazo. Kwenu jambo hili lina uzito wa ziada. Mgeni asiye raia wa Ulaya anayeingia Italia kutoka nchi nyingine ya Schengen anatakiwa kutoa taarifa ya kuwepo kwake ndani ya siku nane. Akilala kwenye nyumba iliyosajiliwa, fomu ya wageni anayoandikishwa pale inatosha. Huko Roma, kama mtakaa kwa ndugu, muulize mwenyeji wenu aangalie suala hili polisi mapema. Na usishangae kutakiwa kodi ya mji ya kila mtu kwa kila usiku, euro chache, nje ya bei ya chumba.

Viza ya mama haina tatizo. Viza ya Schengen iliyotolewa na Ujerumani inamruhusu kuingia Italia ilimradi siku zake hazijaisha na Ujerumani imebaki kuwa nchi anayokaa siku nyingi zaidi. Wewe na kibali chako una siku 90 katika kila siku 180 nje ya Ujerumani. Mtembee na pasipoti halisi, si picha, pamoja na kadi yako ya ukaazi. Nitasema wazi: eneo la Piazza Garibaldi lina wahamiaji wengi Waafrika, na polisi husimamisha watu kuomba hati. Kwa mwenye hati mkononi ni jambo la dakika mbili.

Je, ni mji wa wezi? Wezi wa mifukoni wapo na wanajua kazi yao, lakini wanafanya kazi mahali panapojulikana: metro iliyojaa, Circumvesuviana, na msongamano wa mlango wa treni wakati wa kupanda na kushuka. Mara nyingi mmoja anasimama ghafla mbele yako, unabanwa, wa nyuma anachukua. Pochi na pasipoti vikae kwenye mfuko wa shingoni ndani ya nguo. Wewe uwe nyuma ya mama wakati wa kupanda. Barabarani shida ni pikipiki: mkoba uning'inie upande wa ukuta, na simu usiishike ukingoni mwa njia. Usinunue simu wala kompyuta kutoka kwa mtu pale Piazza Garibaldi, hata kama umeishika ikawaka. Sanduku utakalofungua chumbani litakuwa na kitu kingine chenye uzito huo huo. Mikoba bandia ya mitaani nayo iache, sheria ya Italia inamtoza faini hata mnunuzi. Zaidi ya hapo, mitaa ya katikati imejaa watu hadi usiku na familia ziko nje na watoto. Kinachoweza kumuumiza mama kwa urahisi zaidi ni pikipiki kwenye kivuko kuliko mwizi. Wenye pikipiki hawasimami hata taa ikiwaka nyekundu. Vuka pamoja na wenyeji, kwa mwendo usiobadilika.

Chakula kitawapunguzia gharama kuliko mnavyofikiri. Pizza margherita nzima ni euro 5 hadi 8, na ile ndogo inayokunjwa mara nne, a portafoglio, ni euro 2 hivi. Marinara ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta, haina hata jibini. Kwa upande wa halali, usiogope nyama tu, ogopa mafuta ya nguruwe, strutto, maana hayaonekani. Taralli, vile vibiskuti vya pilipili manga, hutengenezwa nayo. Sfogliatella, lile andazi la matabaka, mara nyingi ina strutto kwenye kinyunya. Pizza fritta ya asili hujazwa vipande vya nguruwe viitwavyo ciccioli. Babà, keki laini ya pale, imeloweshwa ramu. Swali la kuuliza ni fupi: "C'è strutto? C'è maiale?" Samaki wa kukaanga na dagaa wapo kila mahali, na maduka ya halali hamtayakosa kuanzia Piazza Garibaldi kuelekea Piazza Mercato. Kahawa inywewe kwa kusimama kaunta, euro moja na senti. Mkikaa mezani bei inaweza kuongezeka maradufu. Mikahawani kuna coperto, euro mbili tatu za kukalia meza, nayo ni halali kisheria kama imeandikwa kwenye orodha ya bei. Jikoni nyingi hufungwa kati ya saa tisa alasiri na saa moja jioni, kwa hiyo mama mwenye dawa za kunywa baada ya chakula abebe kitu.

Kwa matembezi, mnayo mengi ya bure na ya tambarare. Njia ya pwani kutoka Via Partenope hadi Caracciolo ni pana, ina mabenchi, na mlima wa volkano Vesuvio uko mbele yenu muda wote. Kanisa kuu la San Gennaro, Galleria Umberto I na mtaa mwembamba wa Spaccanapoli havina kiingilio, ingawa mawe ya Spaccanapoli yanateleza mvua ikinyesha. Kupanda Vomero tumieni funicular, kitreni cha kamba cha kupandia mlima, kutoka Via Toledo kwa tiketi ile ile ya mjini. Kutoka juu, mwendo mfupi unawafikisha uwanja wa San Martino, na mji wote uko chini yenu. Wageni hushauriwa kushuka kwa miguu kupitia Pedamentina. Ninyi msithubutu, ni ngazi zaidi ya mia nne. Rudini kwa funicular. Kisiwa cha Capri kiacheni safari hii: boti ya kasi kwenda na kurudi kwa wawili inakaribia euro 90.

Pompei au Ercolano? Zote mbili ni miji ya kale iliyofukiwa na Vesuvio mwaka 79 BK. Pompei ndiyo maarufu, lakini ni mji mzima wenye mawe makubwa ya mviringo barabarani, na magoti ya mama hayatayapenda. Ipo njia iliyosawazishwa, yenye zaidi ya kilomita tatu, inayoanzia mlango wa Piazza Anfiteatro. Hata hiyo ni ndefu. Mimi ningempeleka Ercolano: ni ndogo, nyumba zimehifadhika hadi ghorofa za juu na mbao zilizoungua, na treni ni dakika 20 tu. Kutoka kituo cha Ercolano Scavi barabara inateremka moja kwa moja hadi langoni, maana yake kurudi ni kupanda. Mwekee mama teksi ya kurudi kituoni. Kiingilio ni kama euro 16. Msitegemee punguzo la uzee, Italia ililifuta kwenye makumbusho ya serikali mwaka 2014. Ila Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kiingilio ni bure, na Oktoba yenu inaweza kuangukia hapo. Umati ni mkubwa siku hiyo, fikeni lango likifunguliwa. Mvua ikinyesha, nendeni makumbusho ya akiolojia, MANN, iliko michoro na vigae vya Pompei, hufungwa Jumanne.

Circumvesuviana ni treni ya watu wa kawaida: imechakaa, ina joto, inajaa. Tiketi hadi Pompei ni chini ya euro 4. Ili mama apate kiti, msipandie Garibaldi. Pandieni Porta Nolana, kituo kimoja nyuma yake, treni inakoanzia. Kama mtabadili mawazo mwende Pompei, kituo ni Pompei Scavi-Villa dei Misteri kwenye njia ya Sorrento. Kuna "Pompei" nyingine kwenye njia tofauti, na anayeshukia huko anatembea sana. Msimu wa watalii ipo Campania Express kwenye reli hiyo hiyo, ina viti vya uhakika na kiyoyozi, nauli mara kadhaa zaidi.

Hesabu yenu basi: chumba euro 225 kwa usiku tatu, kodi ya mji tuseme 30, treni za Roma 70 kwenda na kurudi kwa wawili, metro na teksi 40, Ercolano 45 pamoja na kiingilio, chakula 140. Jumla 550. Hizo 50 zinazobaki usizipangie kitu, ziwe za teksi za ghafla. Mkiipata Jumapili ya bure mnaokoa 32 nyingine.

Mgomo, sciopero, ndio unaoweza kuvuruga hesabu hii. Hutangazwa siku kadhaa kabla, mara nyingi huwa Ijumaa. Siku za kazi treni za mkoa za Trenitalia zinazolindwa na sheria ni za saa kumi na mbili hadi tatu asubuhi, na saa kumi na mbili hadi tatu usiku. Metro na Circumvesuviana zina saa zao. Pia eneo la Pozzuoli, Campi Flegrei, ardhi yake inainuka na kutetemeka. Machi 2025 lilipita tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 4. Tetemeko likipita, treni husimamishwa zikaguliwe. Hii ni sababu nyingine ya kutolala huko hata bei ikiwa nzuri.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Kama goti la mama linavimba, linashika moto, au hawezi kupanda hata ngazi kumi kwa sasa, aonwe na daktari München kabla hujalipa chochote, na karatasi ya bima iliyoambatana na viza yake isafiri naye. Mkiwa Napoli, duka la dawa lenye msalaba wa kijani litawasaidia kwa maumivu madogo. Akianguka au kifua kikibana, pigeni 112. Pasipoti ikipotea, nendeni siku hiyo hiyo polisi, yaani Carabinieri au Questura, mpate karatasi ya kuripoti upotevu, denuncia, kisha ubalozi wa Kenya ulioko Roma. Ikipotea kadi yako ya ukaazi, wasiliana na ubalozi wa Ujerumani kabla ya siku ya ndege, usisubiri uwanjani.

Siku ya kurudi, kama ndege yenu inaondokea Roma, ondokeni Napoli asubuhi hata kama ndege ni ya jioni, mkiwa na nafasi ya saa nne kati ya kufika Termini na kuruka. Regionale ikifutwa mtapanda inayofuata kwa tiketi ile ile. Na ombi la Sala Blu la kurudi ni tofauti na la kwenda. Liombe mara moja unapoomba la kwanza.